Mwaka Niliotaipu Ahadi za Wakubwa

Mwezi uliopita tulimzika Wanjiru, mke wa Njuguna, kule Kalimoni. Binti yake Wambui, ambaye sasa naye ni nyanya mwenye mvi, alisimama na kijitabu cha mazishi akatusomea maisha ya mama yake, na alipofika mwaka wa hamsini na nne alisoma sentensi moja tu: kwamba mwaka huo familia ilipitia majaribu mengi lakini Mungu hakuwaacha. Kisha akasonga mbele, akaingia kwenye shule za watoto, harusi na ng'ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya hema, safu ya tatu, miguu imevimba kwa joto, nikamwona msichana mmoja akifungua ukurasa kabla sentensi ile haijamalizika. Tulikuwa watu wachache tuliojua kilichomo ndani yake, na sasa nimebaki peke yangu. Mjukuu wangu alinirudisha nyumbani Membley kwa gari, akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia ndiyo, na tulipofika nikamwomba karatasi.

Sitasema mengi juu ya kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Mkamba wa vilima vya mashariki ya Thika, na nilijua kupiga taipu. Mwalimu mmoja wa misheni, mama wa Kizungu aliyechoka kuandika nyimbo na ripoti kwa mkono, alikuwa amenifundisha kwa kunifunika vidole na kitambaa ili nisiangalie herufi. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule alipata barua kutoka kwa mwanajeshi mstaafu wa Ruiru. Mwanajeshi huyo alikuwa anaandika kitabu, akihitaji mtu wa kumtaipia. Makarani wengi waliojua kazi hiyo walikuwa Wakikuyu, na ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ikipigana na Mau Mau. Mkikuyu hakutakiwa karibu na mashine ya kuandika. Kwa hiyo nilichaguliwa kwa vitu viwili, vidole vyangu na kabila langu, na kile cha pili ndicho kilichotangulia. Nililijua hilo nikalifurahia. Ujana hauulizi mlango umefunguliwa kwa sababu gani.

Nyumba ilikuwa katikati ya kahawa, ya mawe ya kijivu, yenye baraza ndefu iliyoelekea mto. Tulimwita mwenyewe Bwana Meja. Alikuwa mrefu, mjane, mwenye kifua kibovu kilicholia kama mlango usiopakwa mafuta, na mbwa mmoja mzee aliyelala juu ya viatu vyake. Katika vita vikuu hakufyatua risasi hata moja. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya viti vya wakubwa na kuandika waliyosema. Alikuwa amekaa nyuma ya kiti Misri, akakaa tena Uajemi, ambako Waziri Mkuu wa Uingereza, Rais wa Marekani na kiongozi wa Urusi walikutana kupanga namna ya kumshinda Mjerumani. Kitabu chake kilihusu jambo hilo hilo: jinsi watu watatu wasioaminiana walivyoweza kupigana vita vimoja. Asubuhi aliandika kwa kalamu, na mimi nikataipu kwenye chumba cha vitabu, chumba chenye harufu ya tumbaku na mbwa. Kila ukurasa niliutoa kwa nakala tatu zilizotenganishwa na kaboni: moja ya kupeleka Ulaya, moja yake, na ya tatu, iliyofifia, ya kuwekwa kwenye sanduku la bati endapo nyumba ingechomwa. Watu wa mashamba waliogopa moto sana mwaka ule.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na vyumba viwili vya wafanyakazi. Kimoja kilikuwa changu. Kingine kilikuwa cha mpishi, Njuguna, na mkewe Wanjiru, na watoto wao wawili, Wambui aliyekuwa anaanza kukimbia, na Kariuki aliyekuwa bado mgongoni. Njuguna naye alikuwa ametoka vitani. Alikuwa amepikia maofisa huko Bama, nchi ya mbali ng'ambo ya India, kwenye mvua isiyokatika, akiwasha moto kwa kuni mbichi huku ndege zikipita juu. Medali yake aliiweka katika mfuko wa koti lake la Jumapili, imefungwa ndani ya leso. Alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, aliyekata vitunguu bila kuvitazama. Wanjiru hakuwa mtaratibu hata kidogo. Alikuwa na umri wa miaka mitatu tu kunizidi, akacheka kwa sauti, akanipokea siku ya kwanza kwa kunichukulia sanduku kichwani na kuniambia, "Karibu, karani. Hapa mtu halali njaa, lakini kelele ya watoto utavumilia."

Tulikula pamoja kila jioni jua likiwa bado linaonekana, kwa sababu baada ya hapo Wakikuyu hawakuruhusiwa kutembea nje. Wanjiru alipika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mafiga matatu, au akaponda viazi na mahindi na majani ya maboga, na Njuguna alileta kile kilichobaki mezani kwa Bwana, mguu wa kondoo au pudini iliyopoa. Kabla hajaketi aliniuliza swali lile lile. "Haya, leo wakubwa wamekula nini?" Alikuwa mpishi, hicho ndicho alichotaka kujua kuhusu vita vya dunia. Nami nilimweleza nilichotaipu siku hiyo: samaki wa Warusi, vinywaji vyao, keki yenye mishumaa waliyomkatia Waziri Mkuu wa Uingereza siku yake ya kuzaliwa. Njuguna alitikisa kichwa. "Na nani aliyepika? Hiyo hakuandika?" Hakuandika. Nilimweleza jinsi walivyobishana kuhusu nani alale nyumba gani. Wanjiru alikuwa akimnyonyesha Kariuki. Akauliza, "Kwani hawa watu wanapendana?"

"Hawapendani," nikasema. "Bwana Meja anasema kila mmoja anamwogopa mwenzake. Ila wana adui mmoja."

"Basi hao ni wake wenza," Wanjiru akasema, "wameshikana mikono kwa sababu ya mama mkwe. Mama mkwe akifa, utaona."

Njuguna alicheka mpaka akaweka sahani chini. Nimewahi kukaa na wasomi katika maisha yangu, na sikusikia vita vile vikielezwa vizuri zaidi. Ninapozikumbuka jioni zile ninaona moshi ukipita chini ya mabati na mkono wa Wanjiru ukifukuza kuku kutoka kwenye mlango wangu. Ninaona pia kwamba tulizungumza juu ya vita vya mbali ili tusizungumze juu ya vile vilivyokuwa ng'ambo ya mto. Kulikuwa na wapiganaji msituni, kulikuwa na homgadi, Wakikuyu walinzi wa serikali, wenye mikuki na bunduki, na kila wiki mtu fulani wa mashamba ya jirani hakuonekana tena. Sikumuuliza Njuguna kama alikula kiapo cha watu wa msituni. Yeye hakuniambia. Tulipendana kwa kuacha nafasi hiyo wazi.

Mwezi wa tano Bwana Meja alirudi nyuma katika kitabu chake, akaandika sura kuhusu mkutano wa mwanzo, ule wa melini. Kabla Marekani haijaingia vitani, Rais wake na Waziri Mkuu wa Uingereza walikutana baharini, wakaandika karatasi ya ahadi kuhusu dunia wanayoitaka baada ya vita. Ahadi moja ilikuwa kwamba watu wote wana haki ya kuchagua serikali watakayoishi chini yake, na walionyang'anywa kujitawala watarudishiwa. Nilitaipu maneno hayo asubuhi, mvua ikinyesha, wala sikusikia chochote moyoni. Vidole vilikuwa vimefundishwa kutosoma. Jioni Njuguna aliponiuliza wakubwa wamekula nini, nikamwambia leo hawakula, leo wameahidi. Nikamweleza ahadi ile.

Alikuwa anamenya kiazi. Kisu kikasimama. "Sema tena, dada. Watu wote?"

"Imeandikwa watu wote."

"Na hiyo karatasi iliandikwa kabla mimi sijaenda Bama?"

"Kabla."

"Tulisomewa amri nyingi sana kule," Njuguna akasema. "Ya viatu, ya maji ya kunywa, ya kutoimba barabarani. Hiyo hatukusomewa." Kisha akaomba nimtaipie, kwa Kiswahili, aisome mwenyewe. Wanjiru alimtazama. "Baba Wambui, karatasi ya nini? Siku hizi karatasi ni nyoka." Akamjibu kwamba ni maneno ya Waziri Mkuu wa Wazungu wenyewe, nani atamfunga mtu kwa maneno ya Waziri Mkuu? Kesho yake, Bwana Meja alipolala baada ya chakula cha mchana, nikatafsiri mistari ile kadiri nilivyoweza, nikaitaipu kwenye kipande cha karatasi. Sikuandika ilitoka kwenye kitabu gani wala ni nani aliyeyasema maneno hayo. Nilifikiri haihitajiki, kwa kuwa sote tulijua.

Njuguna alibeba karatasi ile wiki nzima, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alipomletea Bwana Meja chai ya saa nne chumbani, nami nikiwa kwenye mashine, alisimama badala ya kuondoka. Akasema kwa adabu, mikono nyuma, "Bwana, nimesikia kwamba wakubwa waliahidi watu wote watachagua serikali yao. Nauliza kama sisi tumo."

Bwana Meja hakukasirika. Aliona haya, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaeleza kwamba ahadi ile ilikuwa kwa ajili ya nchi za Ulaya zilizovamiwa na Mjerumani. Mambo ya makoloni ni mengine, yana wakati wake.

"Na mimi, Bwana, nilikwenda Bama kufanya nini?"

Mbwa aliamka, akajinyoosha. Bwana Meja alikoroga chai yake kwa muda mrefu. "Ulikwenda kupika, Njuguna," akasema.

Sidhani alitaka kumuumiza. Alikuwa mtu wa kuandika ukweli jinsi ulivyokuwa, na huo ulikuwa ukweli. Njuguna akainama, akachukua sinia, akatoka. Jioni ile hakuniuliza chochote kuhusu wakubwa, wala jioni yoyote iliyofuata.

Walikuja mwezi wa sita, asubuhi ya katikati ya wiki. Tulisikia lori kabla hatujaliona. Homgadi waliingia vyumba vya wafanyakazi, wakageuza vitanda na magunia, na baada ya kitambo inspekta kijana wa Kizungu, uso umeiva kwa jua, akaingia chumba cha vitabu, tulimokuwa Bwana Meja na mimi, akiwa na Njuguna mbele yake. Njuguna alikuwa amevaa aproni, unga umemfika kwenye viwiko. Walikuwa wameikuta karatasi katika koti la Jumapili, ndani ya leso, imekunjwa pamoja na medali. Inspekta akaiweka juu ya meza. Akasema ni karatasi ya uchochezi, haina jina wala anwani, inawaambia watu kwamba wana haki ya kuchagua serikali. Akamgeukia Njuguna. "Nani amekupa?"

"Mtu mmoja kwa stesheni," Njuguna akasema. "Simjui."

Hakunitazama. Alimtazama mbwa. Nikaelewa anachofanya, na nikaelewa papo hapo kwamba uongo ule, uliosemwa ili kunificha, ulikuwa unamfunga yeye. Kama karatasi ilitoka kwenye kitabu cha Bwana Meja, ilikuwa upuuzi wa jikoni. Kama ilitoka kwa mtu asiyejulikana kwa stesheni, basi Njuguna alikuwa mjumbe wa Mau Mau. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kulinyoosha jambo hilo kwa neno moja, na mtu huyo alikuwa mimi. Kisha nikaona kwamba tulikuwa wawili. Bwana Meja alikuwa amevaa miwani, ameinua karatasi, anaisoma kwa mara ya pili. Herufi k ya mashine yetu ilikuwa imekatika mguu tangu mwezi wa pili. Nilimkumbusha mara nyingi aipeleke kutengenezwa. Kila k kwenye karatasi ile ilikuwa kilema. Ahadi yenyewe ilikuwa kwenye mswada wake, kwenye sanduku, hatua tatu kutoka alipoketi. Aliinua macho akanitazama. Hayakuwa macho ya hasira wala ya kutisha. Yalikuwa macho ya mtu anayesubiri mwingine afungue mlango. Nami nilikuwa namsubiri yeye. Mzungu, Meja, mwandishi wa vikao vya wakubwa: angesema tu, "Hayo ni maneno ya Waziri Mkuu wetu," na inspekta angeomba radhi. Nilisubiri. Naye alisubiri. Katika kitabu chake alikuwa ameandika kwamba wakubwa walielewana zaidi kwa yale waliyoacha kuyasema, na nilikuwa nimeitaipu sentensi hiyo bila kosa.

Nilifikiria kambi. Tulikuwa tumesikia wanawake waliokuwa wakihojiwa wanafanywa nini, na hata Wakamba walikuwa wameanza kushukiwa. Ninaandika haya bila kujitetea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliogopa, lakini Njuguna naye aliogopa, na bado alisema alichosema. Bwana Meja aliirudisha karatasi kwa inspekta. "Ni mpishi mzuri," akasema. Basi. Wakamtoa. Nilisikia sauti ya Wanjiru kutoka uani, kelele moja tu, kisha lori. Alasiri hiyo Bwana Meja aliniletea sura ya melini. Alikuwa amepiga mstari juu ya aya ya ahadi ile, akaniomba niitaipu upya sura yote bila hiyo. Nikaitaipu.

Siku ya tatu Wanjiru aliamriwa aondoke. Mke wa mtu aliyefungwa hakuruhusiwa kukaa shambani. Alipelekwa kwenye kijiji kipya chenye handaki na miti iliyochongwa, kilicholindwa na homgadi. Nilimsaidia kufunga vyombo. Alikuwa amelia mpaka uso umekuwa mdogo. Akaketi kwenye kitanda kitupu, Kariuki mgongoni, akasema, "Rhoda, wewe unajua kuandika. Niandikie kwa serikali. Waambie huyu ni askari wa Mfalme. Waambie hiyo karatasi hatujui imetoka wapi." Aliposema hivyo nikagundua kwamba hakujua. Siku tuliyoizungumzia aliiona ni maneno tu ya jioni, na mumewe hakumwambia kwamba nilitaipu kweli. Alidhani mumewe aliipata kwingine. Nikamwandikia. Nilitaipu barua nzuri, yenye Bama ndani yake, na medali, na watoto wawili, na kila kitu isipokuwa ukweli. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Nimeshukuriwa mara nyingi tangu hapo, na kila mara mikono yangu inakumbuka ile.

Barua haikujibiwa. Nikaandika ya pili, nayo haikujibiwa. Miezi ikapita, mpishi mpya akaja, Mluhya mnyamavu, na mimi nikala peke yangu chumbani mwangu. Kitabu kilikuwa kimerudi Uajemi. Niliwataipu wakubwa wale wakiinua gilasi zao, wakipongezana, na nilianza kuwachukia kwa chuki isiyo na maana, kama mtu anavyoichukia saa ukutani.

Mwezi wa kumi kahawa iliiva. Wanawake wa kijiji kile waliletwa kwa lori kuchuma, homgadi wamesimama mwisho wa mistari. Nilimwona Wanjiru kutoka dirishani. Alikuwa amekonda, ana kikapu kiunoni, anakwenda mti kwa mti bila kuinua kichwa. Wambui alikuwa ameshika gauni lake. Nilitazama kwa muda kabla sijatambua kilichonisumbua: mgongo wake ulikuwa mtupu. Nikatoka na kikombe cha maji kana kwamba nimetumwa, nikamsogelea. "Kariuki yuko wapi?"

Aliendelea kuchuma. "Alishikwa na surua," akasema. "Kule hakuna maziwa. Hakuna ruhusa ya kutoka mpaka saa sita, na hospitali ni mbali. Nilimfikisha, lakini nilimfikisha tu." Akachuma tunda, akachuma lingine. "Mwezi wa tisa. Baba yake hajui."

Kesho yake sikuingia chumba cha vitabu. Nilikuwa nimeandika barua kwa mkono, kwa sababu sikutaka kuigusa mashine ile, nikaweka kila kitu: nani alitaipu, kutoka kitabu gani, nani aliomba, nani alinyamaza. Jina la Bwana Meja nililiandika pia. Nikapanda gari la moshi, daraja la tatu, kutoka Ruiru hadi Thika. Upepo ulileta harufu ya viwanda na magome ya miti ya miwati, nami nilikuwa na utulivu wa ajabu, wa mtu aliyekwisha kutapika. Ofisini nilisubiri kwenye benchi mpaka mchana. Ofisa aliyenipokea hakuwa mkali. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasoma barua yote kisha akaisoma tena. "Kwa nini hukuja mwezi wa sita?"

"Niliogopa."

Akafungua faili, akapekua. Karatasi yenyewe haikuwamo. Akaniambia kwamba sasa si karatasi inayomzuia Njuguna. Wanamtaka akiri kiapo, naye amekataa kusema neno lolote, na amekwisha kupelekwa kambi ya mbali, nyikani, ambako maombi kutoka Thika hayana uzito. "Alikaa hapa wiki mbili za kwanza," akasema. "Hapo, pengine, kama mtu angekuja..." Hakumaliza. Alifunga faili, akaniambia nirudi nyumbani nisije nikasema habari hizi kwa mtu mwingine mwenye haraka kuliko yeye. Wala hakunifunga. Nilitoka nikasimama juani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila adhabu isipokuwa lile neno "pengine".

Habari zilimfikia Bwana Meja kabla ya Jumamosi. Aliniita chumbani, akanipa barua ya sifa aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu, akasema kazi imekwisha ingawa sura tatu zilikuwa zimebaki. "Ulichofanya kilikuwa cha heshima, Rhoda," akasema, akitazama mto. Nilikuwa na swali fupi, kwa nini yeye hakusema neno siku ile, na nikaondoka bila kuliuliza. Aliondoka nchini miaka michache baadaye. Kitabu sijui kama kilichapwa.

Njuguna alirudi mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, sikio moja limekufa na kifua kimeharibika. Walipata kipande cha ardhi Kalimoni. Nilikwenda kumwona mara tu niliposikia; nilikuwa mwalimu wakati huo. Alikuwa ameketi juani kwenye kigoda, akaniuliza kwa furaha habari za misheni, habari za mvua kwetu. Nilipoanza kusema, aliinua mkono. "Nilijua wangekufanya nini kule. Nilichagua. Usiniombe msamaha kwa kitu nilichochagua." Kisha akashusha sauti. "Na huyu usimwambie. Ana mzigo wake tayari." Nikamwahidi. Nilitembea mpaka kwenye shamba, alikokuwa Wanjiru akitayarisha ardhi ya mahindi, na nikavunja ahadi ile kabla hajaniambia karibu.

Alisikiliza amesimama, mikono juu ya mpini. Nilimwambia yote, mpaka ile benchi ya Thika. Nilipomaliza, ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye ua wa michongoma. Kisha akauliza, "Kutoka siku waliyomchukua mpaka siku uliyokwenda, ilikuwa muda gani?"

"Miezi minne."

"Miezi minne." Alihesabu, nilimwona akihesabu. "Mitatu kati ya hiyo mtoto wangu alikuwa hai."

"Ndiyo."

Sikumwambia kwamba pengine isingesaidia. Nilikuwa na neno hilo mdomoni, nikalimeza, na hilo ni moja kati ya mambo machache ya maisha yangu ambayo sijutii. Alinitazama kama mtu anayetazama shamba lililoliwa na nguruwe, akipima kama inafaa kupanda tena. "Nenda sasa," akasema. "Sitaki kukuona leo. Na ukirudi, usinijie na maneno. Wewe una maneno mengi sana. Njoo na jembe."

Nilirudi juma lililofuata, na jembe nililonunua sokoni Thika. Hakunisalimu. Alinionyesha kwa kidevu mahali pa kuanzia, tukalima mistari miwili sambamba mpaka jua likawa kali, kisha nikaenda zangu. Nilikwenda msimu ule wote, na wa mvua za vuli, na mwaka uliofuata, kila Jumamosi shule ilipofungwa. Wambui alituletea maji kwenye kibuyu, tukanywa kwa zamu bila kusema. Katika mwaka wa tatu, tukipalilia maharagwe, Wanjiru alinyoosha mgongo, akafuta jasho kwa kiganja, akaniuliza kama nimeolewa, neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile aliyoniambia nije na jembe.